Twilight, New Moon, Eclipse au Breaking Dawn: ukisoma kimoja tu, kiwe kipi?

"Dada, filamu zote nimeziona. Sasa nataka kitabu. Nianze na kipi?"

Swali hili huniijia kila mara vijana wa kikundi chetu cha usomaji wanapopanga orodha ya mwaka, na kabla ya kulijibu huwa namuuliza muulizaji anatafuta nini. Anayetaka mapenzi tu, chochote kati ya vitabu vinne kitamtosha. Lakini yuko msomaji mwingine, ambaye amegundua kwamba ndani ya hadithi ya binti na vampaya mna Kitabu cha Mwanzo, mna Shakespeare, mna Jane Austen na Emily Brontë, naye anataka kujua vimefuata nini humo. Huyo ndiye ninayemwandikia leo. Sipimi kitabu kipi kina busu tamu zaidi. Napima kipi kinakupa mengi ya kufikiri juu ya imani, na kipi kinaitumia vizuri fasihi ya kale inayotembea nacho.

Mwandishi, Stephenie Meyer, amekulia Phoenix, Arizona, akasoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah. Chuo hicho ni cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi hulijua kama la Wamormoni, na Meyer mwenyewe ni muumini wake. Ukishika hayo mawili, darasa la fasihi na kanisa, umeshika ncha mbili za uzi mmoja. Hadithi ilimjia katika ndoto aliyoamka nayo tarehe 2 Juni 2003: msichana na kijana vampaya wako uwandani msituni, kijana anampenda, na papo hapo ana kiu ya damu yake. Twilight kikatoka mwaka 2005, New Moon 2006, Eclipse 2007 na Breaking Dawn 2008. Zimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100 duniani.

Neno moja kabla hatujaingia ndani. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za mumiani tunaweza kudhani tunamjua huyu mnyonya damu. Hapana. Mumiani wa masimulizi yetu ni mtu, tena mara nyingi mtu mwenye kazi na gari, anayetoa watu damu ili ikauzwe au ikafanywe dawa. Kinachotisha kwake ni biashara. Vampaya wa Ulaya anatisha kwa jambo jingine kabisa: amekufa na hajafa, na hakuna anayejua roho yake iko wapi. Katika Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, jibu la swali hilo liko wazi. Dracula amelaaniwa, msalaba humrudisha nyuma, na mkate mtakatifu ukimgusa mwanamke aitwaye Mina kwenye paji la uso, baada ya Dracula kumwonja, unamchoma na kumwachia kovu. Meyer amevitupa vyote hivyo. Nyumbani kwa vampaya wake, akina Cullen, msalaba umetundikwa ukutani na haumuunguzi mtu. Ni wa mbao, wa karne ya 17, uliochongwa kwa mkono na mchungaji wa Kianglikana wa London aliyekuwa akiwawinda wachawi na vampaya. Mwanawe, Carlisle, alitumwa kuwinda mahali pa baba, akang'atwa, akawa kile alichokuwa akikiwinda, na bado ameuhifadhi msalaba wa babaye kwa zaidi ya miaka 300. Kwa kuwa kitu kitakatifu hakimfukuzi tena vampaya, swali la roho yake linabaki bila jibu la haraka, na vitabu vyote vinne vinahangaika nalo, kila kimoja kwa njia yake.

Tunda: Twilight na Breaking Dawn

Hivi viwili nimeviweka pamoja kwa sababu cha kwanza kinauliza na cha mwisho kinajibu.

Jalada la Twilight ni mikono miwili iliyoshika tofaa jekundu, na ukifungua unakutana na Mwanzo 2:17: "walakini matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya usile, kwa maana siku utakapokula matunda ya mti huo utakufa hakika." Biblia haisemi popote kwamba tunda lile lilikuwa tofaa. Hiyo ni desturi ya wachoraji wa Ulaya, na Meyer ameifuata. Ndani ya hadithi tofaa linatokea tena kwa upole sana. Bella, yule msichana, yuko kwenye ukumbi wa chakula shuleni, amekaa na Edward, yule kijana vampaya wa akina Cullen, analigeuzageuza tofaa mkononi huku akimuuliza angefanyaje mtu akimpa changamoto ale chakula cha binadamu.

Kinachonivutia hapo ni kwamba matunda ni mawili. Kwa Edward, tunda lililokatazwa ni Bella mwenyewe, maana harufu ya damu yake inamtia wazimu. Kwa Bella, tunda ni maisha yasiyo na kifo, na anayelizuia ni yuleyule mwenye meno. Katika Edeni nyoka alishawishi. Huku Forks, mji mdogo wa mvua katika jimbo la Washington, mwenye sumu ndiye anayekataa na binadamu ndiye anayeomba ang'atwe.

Wasomaji wetu hawatalisoma tunda hili kwa jicho moja. Mkristo wa makanisa mengi aliyefundishwa kwamba kula tunda kulileta anguko la wanadamu wote ataona hatari kwenye jalada. Mwislamu anajua kwamba Adam na mkewe waliteleza, wakatubu, na Mola akapokea toba, kama ilivyo katika Surat Al-Baqara aya ya 37, wala kosa lao halikurithiwa na watoto. Mwenye imani ya Meyer anasoma jambo la tatu. Katika Kitabu cha Mormoni imeandikwa kwamba Adamu alianguka ili wanadamu wawepo, na wanadamu wapo ili wapate furaha. Kwake anguko ni hatua iliyohitajika, na neno kubwa ni hiari: mtu amepewa uwezo wa kuchagua, na bila kuchagua hakuna kukua. Meyer mwenyewe ameeleza kwamba tofaa la jalada ni uchaguzi. Mimi niliposoma mara ya kwanza sikulijua hilo, nikadhani hadithi inamhukumu Bella. Nilipolijua, nikaona hadithi haikumhukumu hata mara moja.

Upande wa fasihi Twilight ni chepesi. Meyer amesema nyuma yake kuna Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813, na unaona kwa nini: Edward anakaa na Bella darasa la baiolojia akiwa amekunja uso, Bella anadhani anachukiwa, kumbe kijana anapigana na nafsi yake asimuue. Ni Darcy na Elizabeth, wapendanao wa Austen, kiburi na kudhaniana vibaya. Bella anaketi uwani na kitabu kinene cha Austen, anakifunga kwa hasira kwa sababu wanaume wa humo wanaitwa Edward na Edmund. Inafurahisha, lakini Austen angeondolewa, kitabu kisingeanguka.

Breaking Dawn ni kinyume. Ni kikubwa, kurasa zaidi ya 700, kinachosha katikati, na ndicho chenye theolojia ya waziwazi kuliko vyote. Ndoa ya Bella na Edward inafungishwa na mchungaji wa Kilutheri, baba wa rafiki yake, kwa kiapo cha kawaida kilichobadilishwa mahali pamoja tu. Badala ya maneno ya kutenganishwa na kifo, wanaapa kwa muda wote watakaoishi. Msomaji anajua wana mpango wa kuishi milele. Katika kanisa la Meyer ndoa ya hekaluni hufungwa kwa maisha haya na kwa umilele, na jamaa huendelea kuwa jamaa baada ya kufa. Mkristo mwingine atakumbuka Mathayo 22:30, kwamba katika kiyama hawaoi wala hawaolewi. Mwislamu atakumbuka Surat Az-Zukhruf aya ya 70, ambapo watu wanaitwa kuingia Peponi wao na wake zao. Mstari mmoja wa harusi unatosha jioni nzima ya mazungumzo, na ukiwa na kikundi chenye dini mchanganyiko, usiuache.

Sasa rudi kwenye bustani. Edeni ilikuwa na miti miwili yenye majina, na watu husahau wa pili. Baada ya tunda kuliwa, Mungu aliulinda mti wa uzima kwa makerubi na upanga wa moto ili mwanadamu asiule akaishi milele. Bella anaila miti yote miwili. Anapata ujuzi, anapata ndoa, anapata mtoto, anakufa akizaa na kuamka asiyekufa, baba yake bado anamtembelea, na hata kiu ya damu ambayo wengine huteseka nayo miaka, yeye anaishinda karibu papo hapo. Hapo ndipo ninapogombana na kitabu. Kwa vitabu vitatu tumeambiwa gharama ni kubwa, ni roho yenyewe. Siku ya kulipa inafika, na hakuna anayedai. Uchaguzi usiomgharimu mtu kitu umepungukiwa uzito wake, na nadhani hata mafundisho ya kanisa la Meyer kuhusu hiari yalistahili mwisho mgumu kuliko huu.

Lakini sehemu ya tatu ya Breaking Dawn ina zawadi ambayo msomaji wa Kiswahili anaipokea vizuri kuliko wengi. Alice, dada yake Edward, anapotoweka, anaacha ujumbe kwenye ukurasa uliochanwa kutoka nakala ya Bella ya The Merchant of Venice. Tamthilia hiyo tunayo kwa lugha yetu tangu mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, kwa mkono wa Mwalimu Nyerere. Ukiikumbuka, mwisho wa Breaking Dawn unafunguka. Volturi, watawala wa vampaya kutoka Italia, wanakuja na jeshi, wakidai sheria imevunjwa, na kisheria wana hoja, kama Shylock, mkopeshaji wa tamthilia ile, alivyokuwa na hati ya kumkata mdeni wake ratli ya nyama. Kila mtu anasubiri mauaji. Badala yake panageuka baraza: mashahidi, hoja, ushahidi unaoletwa dakika ya mwisho. Portia, aliyeingia mahakamani akijifanya mwanasheria, alimwambia Shylock achukue nyama yake lakini asimwage hata tone la damu. Meyer ameandika hadithi ndefu ya wanywa damu na kuimaliza kwenye kesi ambamo vita havipiganwi. Waliotazama filamu ya mwaka 2012 wameona mapigano makali pale kwenye theluji. Kitabuni hayamo, na wengi hulalamika. Mimi nadhani kitabu ndicho kilichoshika njia. Sheria inapokutana na huruma, swali la Portia na swali la Mtume Paulo katika nyaraka zake yanasimama jirani, na ukiweka Mabepari wa Venisi mezani pamoja na sura za mwisho za Breaking Dawn utapata kipindi kizuri kuliko vitabu vyote vinne vinavyoweza kutoa, isipokuwa kimoja.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: Twilight ni mlango rahisi na tunda lake linaeleweka na kijana wa miaka 14. Breaking Dawn kina mengi zaidi, ila kina chumba cha ndoa na uzazi wa kutisha wenye damu nyingi na mifupa kuvunjika. Nisingempa mtoto.

Wapendanao wa kale: Eclipse na New Moon

Eclipse kinamleta Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847. Nakala ya Bella imechakaa kwa kusomwa. Edward mwanzoni haelewi anapendea nini watu wale wabaya, Heathcliff na Cathy. Baadaye Bella anaikuta nakala imefunguka mahali ambapo Heathcliff anasema juu ya mpinzani wake kwamba, siku Cathy angeacha kumjali mtu yule, yeye angemng'oa moyo na kunywa damu yake. Edward amekuwa akipasoma hapo. Vampaya anajifunza wivu kutoka kwa binadamu wa kitabuni! Brontë mwenyewe alikuwa amelitega jambo hilo, maana karibu na mwisho wa riwaya yake mtumishi Nelly anajiuliza kama Heathcliff si vampaya.

Ninachokiheshimu katika Eclipse ni kwamba hakimfichi Bella. Anawapenda wawili, Edward aliye baridi kama jiwe na Jacob, kijana anayegeuka mbwa mwitu, aliye moto kupita binadamu (shairi la Robert Frost kuhusu moto na barafu ndilo linalofungua kitabu), anawaumiza wote, na mwenyewe anakiri kwamba amekuwa Cathy. Kisha Jacob anamkumbusha habari ya Mfalme Sulemani na wale wanawake wawili waliogombea mtoto, ile ya 1 Wafalme 3, na kumwambia kwamba hatamkata vipande tena. Anajiweka mahali pa mama wa kweli, yule aliyekuwa tayari kupoteza ili mtoto aishi. Ni matumizi mazuri ya Biblia kuliko hata ile aya ya tofaa, kwa sababu yanatoka kinywani mwa mtu anayeumia.

Mazungumzo ya usafi wa mwili pia yamo humo. Bella ndiye anayetaka kulala na Edward, na Edward anakataa mpaka ndoa. Hoja yake ni kwamba ameshaua, ameshaiba, ameshadanganya, ameshatamani cha mwenzake, na amebakiwa na amri hiyo moja ambayo hajaivunja. Wazazi na walimu wa dini hukipendea kitabu mazungumzo hayo. Nami naona yana thamani, lakini nawaomba wasome pia kurasa za jirani, ambapo Edward huyohuyo anaharibu gari la Bella asiende kwa Jacob, na kumpanga dada yake amlinde binti nyumbani kama mfungwa. Ukimfundisha msichana kwamba mwanamume anayesubiri ndoa ni mwema, mfundishe siku hiyohiyo kwamba anayemfungia mlango si mwema. Brontë alijua kwamba mapenzi ya namna ile huteketeza nyumba mbili. Meyer anajua pia, lakini anamsamehe Edward upesi mno.

Jambo jingine linanizuia kukiweka Eclipse juu. Jacob ni wa kabila la Quileute, na kabila hilo lipo kweli, makao yao ni La Push kwenye pwani ya Pasifiki. Wana simulizi yao ya asili, kwamba wahenga wao waligeuzwa kutoka mbwa mwitu kuwa watu. Meyer ameigeuza kinyumenyume, watu wakawa mbwa mwitu, akaongeza vampaya na wazee wanaosimulia hadithi alizotunga yeye. Sisi ambao simulizi za wahenga wetu zimeandikwa mara nyingi na wageni tunajua linavyouma. Kama kikundi chako kitachagua Eclipse, anzeni kwa kusema wazi ni zipi simulizi za Waquileute na ni zipi za mwandishi.

Sasa New Moon. Filamu yake watu huiona ndefu, na kitabu pia hulaumiwa kwa sababu Edward anatoweka mapema na kurudi mwishoni. Mimi ndicho ninachokichagua, na sababu yangu kubwa iko katika sura ya pili.

Bella ametimiza miaka 18, amejikata mkono kwenye sherehe, damu imetoka mbele ya familia nzima ya vampaya, na wote wamelazimika kukimbilia nje. Anabaki Carlisle peke yake, daktari, akitoa vipande vya kioo na kushona jeraha. Huku sindano ikipita anazungumza. Anasema anaamini Mungu yupo. Anasema kwa hesabu za watu wote, wao wamekwisha kulaaniwa, lakini anatumaini, pengine kwa upumbavu, kwamba watahesabiwa walau kidogo kwa kujaribu. Kisha anamweleza Bella kwamba Edward haamini hivyo. Edward anaamini Mungu, pepo na jehanamu, ila haamini kwamba wao wana maisha baada ya haya. Papo hapo Bella anaelewa kwa nini Edward amekataa kumgeuza: anamzuia asipoteze roho.

Mtu anayejua Waefeso 2 atashtuka kidogo kwa lile neno la kuhesabiwa kwa kujaribu, maana Paulo anasema wokovu ni kwa neema, wala si kwa matendo. Kitabu cha Mormoni kina kauli yake, kwamba tunaokolewa kwa neema baada ya kufanya yote tuwezayo, na Carlisle anasimama karibu kabisa na kauli hiyo. Mwislamu atasikia mwangwi wa Surat Az-Zalzala, kwamba atendaye wema wa uzito wa chembe atauona. Sijui kurasa nyingine za riwaya ya mapenzi ya vijana zinazoweza kuwakalisha hawa watatu kwenye mkeka mmoja namna hii, bila yeyote kudharauliwa.

Na hapo ndipo Shakespeare anapoingia, tena kwa kazi ya maana. Kitabu kinafunguliwa na maneno kutoka Romeo and Juliet, kwamba furaha za nguvu nyingi huwa na mwisho wa nguvu hizohizo. Angalia ni nani anayeyasema katika tamthilia. Si Romeo wala Juliet, ni Friar Laurence, mtawa mwenye dawa za mitishamba, anayemtahadharisha Romeo kabla ya kuwafungisha ndoa. Carlisle, mwana wa mchungaji mwenye sindano na dawa, ndiye mtawa wa hadithi hii. Paris, mchumba mwema aliyekuja wakati mbaya, ni Jacob, na Bella mwenyewe anamfikiria hivyo. Barua isiyofika kwa Romeo inageuka simu. Edward amesikia kwamba Bella amejirusha majini akafa, anapiga simu nyumbani kwa Bella, Jacob anapokea na kumwambia kwamba baba yake Bella yuko mazikoni. Ni kweli, lakini mazishi ni ya mtu mwingine. Edward anakwenda Volterra, Italia, kutafuta kifo kwa Volturi. Wanapomkatalia, anaamua kutoka juani mbele ya umati adhuhuri ili walazimike kumuua. Siku hiyo mji unasherehekea mtakatifu anayesemekana aliwafukuza vampaya, na mtakatifu huyo, kumbe, ni mmoja wa vampaya wanaoutawala mji kutoka chini ya ardhi.

Bella anamfikia kwa sekunde. Edward anafumbua macho, anamwona, na anaamini kwamba amekwisha kufa. Anasema maneno ya Romeo kaburini juu ya kifo kilichoinyonya asali ya pumzi ya Juliet bila kuugusa uzuri wake. Na kabla ya hayo amesema Carlisle alikuwa sahihi.

Soma sentensi hiyo mara mbili. Kwa muda huo mfupi Edward anadhani yuko upande wa pili, na upande wa pili upo, na yeye ameingizwa. Ile hoja ya sura ya pili, iliyozungumzwa juu ya jeraha, imejibiwa mdomoni mwa aliyeikataa, tena kwa maneno ya tamthilia ambayo watoto wa shule hukariri. Romeo alikufa kwa kukosea kwamba Juliet amekufa. Edward anakosea kwamba yeye mwenyewe amekufa, na kosa hilo linamrudishia tumaini. Hapa fasihi na imani zimekuwa kitu kimoja kwa namna ambayo vitabu vile vitatu haviifikii.

Kitabu kina hatari yake, na kwa kijana aliye dhaifu si ndogo. Bella aliyeachwa anazama. Miezi minne, Oktoba hadi Januari, imeandikwa kwa kurasa tupu zenye jina la mwezi tu. Kisha anatafuta hatari makusudi ili aisikie sauti ya Edward kichwani. Mwenye kikundi asiruke hapo. Waulizeni vijana kurasa tupu zile zinasema nini, na nani pale Forks angepaswa kuziona mapema.

Basi, kwa wanaouliza. Una mtoto wa sekondari ya chini anayeanza kusoma riwaya ndefu za Kiingereza: Twilight, pamoja na Mwanzo 2 na 3. Unafundisha fasihi na wanafunzi wako wamekwisha kusoma Brontë, au unataka kuzungumza na wasichana juu ya mapenzi yanayobana: Eclipse, pamoja na 1 Wafalme 3. Ni watu wazima, wanandoa hasa, wenye subira ya kurasa 700: Breaking Dawn, na Mabepari wa Venisi pembeni. Hao wa mwisho wanaweza hata kuanzia sehemu ya tatu kama filamu wameziona.

Lakini kama ni kimoja tu, na kikundi kina Wakristo na Waislamu, na mnataka kuzungumza juu ya roho bila kuogopana, chukueni New Moon. Aliyeona filamu ya kwanza hatapotea. Sisi tunaanza Jumamosi ijayo na sura mbili za mwanzo, na kila mtu nimemwomba aje na tukio la sita la tendo la pili la Romeo and Juliet. Ni fupi, halifiki mistari 40.